Kabati la Jikoni na Afya ya Familia: Mbao, Gundi na Rangi katika Nyumba za Tarime na Serengeti

Kwa miaka mingi jiko la nyumba nyingi katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, lilikuwa banda lililojengwa kando ya nyumba ya kulala. Kuta zake zilikuwa za udongo, na upepo ulipita kati ya ukuta na paa bila kizuizi. Vyombo vilioshwa na kuanikwa nje juu ya kichanja cha miti, ambako jua lilivikausha kabla mlo mwingine haujapikwa.

Hali hiyo inabadilika kwa kasi. Mapato ya dhahabu, mifugo, ndizi, kahawa na pamba, pamoja na ajira zitokanazo na utalii, yameinua nyumba za matofali kutoka Sirari mpakani hadi Mugumu. Katika nyumba hizo jiko limeingia ndani, karibu na sebule na vyumba vya kulala. Madirisha ni ya vioo, na Tarime mjini, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, baridi ya usiku huwafanya wengi wayafunge mapema. Ndani ya jiko hilo, kabati refu lenye milango inayong'aa limekuwa alama ya maendeleo ambayo kila mgeni huonyeshwa.

Kabati lina faida zake kiafya. Huhifadhi chakula mbali na panya na mende, na huondoa vyombo sakafuni. Hata hivyo, kitu kikubwa kilichotengenezwa kwa kemikali kinapowekwa katika chumba chenye joto na hewa kidogo, kinachotoka ndani yake huvutwa na mapafu ya wanaoishi humo. Wanaokaa muda mrefu zaidi karibu nacho ni mama, mjamzito, binti wa kazi na mtoto anayetambaa. Kwa sababu hiyo kabati lastahili kuulizwa maswali manne kabla ya kununuliwa: limetengenezwa kwa nini, limeunganishwa kwa nini, limepakwa nini, na litahifadhi nini.

Kabla ya fundi kuitwa

Haitakuwa haki kuzungumzia sumu ya kabati bila kutaja kwanza moshi wa kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Vifo hivyo hutokana na nimonia, kiharusi, magonjwa ya moyo, ugonjwa sugu wa mapafu na saratani ya mapafu. Hakuna kabati, hata liwe baya kiasi gani, linalofikia madhara ya mafiga matatu yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Familia ambayo bado inapikia kuni ndani ya nyumba, na ina fedha za kutosha kwa jambo moja tu, ianze na jiko: gesi, umeme, au jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi. Kabati lisubiri. Familia iliyokwisha kuvuka hatua hiyo ndiyo inayohusika zaidi na maelezo yanayofuata.

Bodi na gundi yake

Kabati nyingi za kisasa hazitengenezwi kwa mbao halisi. Hutengenezwa kwa bodi zilizoshindiliwa kutokana na unga au vipande vidogo vya mbao, kisha zikafunikwa kwa karatasi ngumu yenye sura ya mninga au marumaru. Mafundi huziita emdiefu au chipubodi. Plaiwudi nayo ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa pamoja. Kinachozishika bodi hizi ni gundi, na gundi inayotumika zaidi kwa sababu ya bei yake nafuu hutengenezwa kwa yurea na fomaldehaidi.

Wahudumu wa afya wanaifahamu fomaldehaidi kwa jina jingine: ikiyeyushwa katika maji huitwa fomalini, dawa inayohifadhi maiti na sampuli za maabara. Gesi hii huendelea kutoka katika bodi kwa miezi, pengine kwa miaka, na hutoka kwa wingi zaidi bodi ikiwa mpya, na kila joto na unyevu vinapoongezeka. Jikoni kuna vyote viwili. Dalili za awali ni macho kuwasha na kutoa machozi, pua na koo kukereketa, kikohozi kikavu na kichwa kuuma. Mwenye pumu anaweza kubanwa. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linakielekeza kwa hewa ya ndani ni miligramu 0.1 katika kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa dakika 30.

Dunia ilipata funzo kuhusu jambo hili nchini Marekani. Baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, maelfu ya familia zilizopoteza makazi zilihifadhiwa katika nyumba ndogo za magurudumu zilizojaa bodi za aina hii. Wakazi walilalamikia macho, pua na vifua. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 wataalamu walipima hewa ya nyumba 519 na kukuta fomaldehaidi kwa viwango vilivyozidi vile vya kawaida vya nyumba za nchi hiyo. Serikali ilishauriwa kuwahamisha watu kabla ya majira ya joto, kwa kuwa joto lingeifanya gesi itoke kwa wingi zaidi.

Mnunuzi wa Tarime hana chombo cha kupimia gesi, lakini ana njia nyingine. Ya kwanza ni kuuliza daraja la bodi. Bodi nyingi zinazotoka viwandani hubandikwa alama ya E1 au E0. E0 hutoa gesi kidogo zaidi, na E1 ndiyo iwe mwisho wa kukubalika. Bodi isiyo na alama yoyote ichukuliwe kuwa haijulikani. Ya pili ni pua: mlango wa kabati ukifunguliwa dukani na macho yakawasha, hiyo ni taarifa tosha. Ya tatu ni kingo. Gesi hupenya hasa pale bodi ilipokatwa au kutobolewa ikaachwa wazi, kwa hiyo fundi aombwe kuziba kingo zote, hata za nyuma na za chini zisizoonekana. Ya nne ni muda: kabati jipya likae wiki kadhaa katika karakana au chumba chenye hewa, milango ikiwa wazi, kabla ya kuingizwa katika nyumba yenye mtoto mchanga.

Mbao zilizotiwa dawa na oili chafu

Anayeamua kuachana na bodi na kurudi kwenye mbao halisi amechagua vema, mradi ajue historia ya mbao hizo. Mbao nyingi za kuezekea huwa zimetiwa dawa dhidi ya mchwa na kuoza, na zile zenye rangi ya kijani kibichi kwa kawaida zina mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Kwenye paa na nguzo za umeme zina kazi yake. Kwenye rafu ya unga au ubao wa kukatia mboga hazina nafasi. Aseniki husababisha saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu cha mkojo, na hutoka katika mbao polepole kwa kuguswa na kwa maji. Nchini Marekani matumizi ya mbao hizi katika makazi yalisitishwa mwishoni mwa mwaka 2003.

Vipande vinavyobaki baada ya kuezeka ndivyo hasa vya kuangaliwa. Vikigeuzwa rafu, sumu inakaa na chakula. Vikigeuzwa kuni, aseniki huingia katika moshi na katika majivu, na majivu hayo yakitumiwa kusugulia sufuria hurudi mezani. Vipande vya mbao za kijani visipikiwe kamwe.

Ipo pia desturi ya kupaka mbao oili chafu iliyomwagwa gereji, kwa imani kwamba mchwa hawataigusa. Oili iliyokwisha kutumika katika injini ina mabaki ya mwako yanayoweza kusababisha saratani, pamoja na chembe za madini mazito. Hupenya mbao, haikauki kikamilifu, na harufu yake hudumu. Mchwa wanaweza kuzuiwa kwa njia isiyo na sumu: kabati lisimame juu ya miguu iliyokanyaga matofali au vikombe vya bati, liachane na ukuta kwa upana wa vidole viwili ili njia za mchwa zionekane, na sakafu chini yake iwe kavu.

Rangi inayong'aa na mtoto anayetambaa

Rangi ya mafuta, hasa ya njano, nyekundu, chungwa na kijani kikali, katika nchi nyingi imekuwa ikikutwa na madini ya risasi, ambayo huongezwa ili rangi iwe na mng'ao na ikauke haraka. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kisizidi sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi iliyokauka. Rangi ya zamani, au rangi ya kopo lisilo na anwani ya mtengenezaji wala alama ya Shirika la Viwango Tanzania, inaweza kuvuka kiwango hicho mara nyingi.

Hatari yake huonekana kabati linapozeeka. Mlango unaofunguliwa na kufungwa kila siku husuguana; rangi hubanduka na kuwa vumbi; vumbi hushuka sakafuni; mtoto hutambaa, kisha hutia vidole kinywani. Kwa kiasi kilekile cha risasi kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile ambacho mtu mzima angefyonza, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Madhara yake kwa ubongo ni kushuka kwa uwezo wa kujifunza, kukosa utulivu na kuchelewa kukua, na hayo hayarudishwi na dawa.

Kwa hiyo rangi ya maji itangulizwe kuliko ya mafuta. Vanishi inayochanganywa na tina hujaza chumba mvuke unaolevya na kuumiza kichwa. Ikitumika, kazi ifanyike nje, na mjamzito asiwe mpakaji. Rangi ya zamani inayobanduka isisuguliwe kwa msasa mkavu wala kuchomwa kwa moto. Ilowanishwe kwanza, watoto na wajawazito waondolewe, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe. Ndani ya kabati, mahali panapogusa chakula na vyombo, mbao zaweza kuachwa bila rangi yoyote, zikiwa zimepigwa randa vizuri na kusuguliwa nta ya nyuki.

Kinachowekwa ndani

Kabati lililotengenezwa kwa uangalifu wote huo hugeuka hatari kwa kitu kimoja kitakachofichwa humo. Katika Tarime, hasa maeneo ya Nyamongo na vijiji vinavyouzunguka mgodi wa North Mara, wachimbaji wadogo wamekuwa wakitumia zebaki kukamatia dhahabu. Donge la zebaki na dhahabu huchomwa ili zebaki iondoke kwa mvuke. Duniani kote, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani kutokana na shughuli za binadamu. Pale donge linapochomwa juu ya jiko la nyumbani, au chupa ya zebaki inapofichwa kabatini nyuma ya sukari, familia nzima inakuwa mgodini.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Karibu asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini, huvuka kuingia katika ubongo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu, kusahau na fizi kuvimba. Unapopoa hutua juu ya kuta, nguo na rafu, hujipenyeza katika nyufa za mbao, na hupanda tena hewani kila jiko linapopasha chumba. Kabati la mbao lililokaa katika chumba cha kuchomea haliwezi kuoshwa likawa safi, na halifai tena kuwekwa chakula. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walitambuliwa mwaka 1956 kuwa wamepooza na kupofuka kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwandani. Kuchoma donge ndani ya makazi ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unazitaka nchi zichukue hatua kuyakomesha.

Viuatilifu vya pamba na mahindi, dawa za kuogeshea mifugo na mafuta ya taa navyo visikae jikoni. Mafuta ya taa katika chupa ya soda ni sababu ya kawaida ya watoto wadogo kupata sumu katika Afrika Mashariki. Mtoto aliyekunywa asitapishwe wala kunyweshwa maziwa kwa nguvu, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia kali. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe. Vitu hivi viwe katika chupa zake za asili, katika sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba.

Mti gani, na kutoka wapi

Mbao bora kwa afya si lazima ziwe za mti adimu. Mninga na mvule hudumu, lakini miti hiyo huchukua miongo mingi kukomaa na imepungua sana katika misitu ya asili. Wilaya ya Serengeti inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti, ambako ukataji wa miti hauruhusiwi. Mnunuzi ana haki ya kumwomba muuza mbao kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Asiyenacho asiungwe mkono. Zaidi ya hayo, vumbi la mvule hukera ngozi na laweza kumletea fundi pumu, na vumbi la mbao kwa ujumla limethibitika kusababisha saratani ya pua. Fundi avae barakoa, naye mwenye kazi asiione kuwa anasa.

Miti ya kupandwa yatosha kwa kabati la kawaida: msindano na saiprasi kutoka mashamba ya miti, au mgrevilea uliopandwa kandokando ya mashamba. Sharti ni mbao ziwe zimekauka vizuri na ziwe hazijatiwa dawa. Gundi nyeupe ya mbao inayochanganyika na maji, pamoja na misumari au viungo vya ulimi na tundu, hushika bila fomaldehaidi.

Lipo chaguo jingine linalowafaa wenye kipato kidogo. Fundi mwashi ajenge vijiti vifupi vya matofali, alaze juu yake bamba la zege na kulifunika kwa vigae, kisha milango ya mbao au pazia la kitambaa kinachofulika ifungwe mbele. Rafu hii hailiwi na mchwa, haitoi gesi na huoshwa kwa sabuni. Nacho kichanja cha nje kisibomolewe kwa kuwa kabati limefika. Vyombo vikaukie juani kwanza. Vikiingizwa kabatini vikiwa vibichi huleta ukungu na mende, na mende huleta dawa ya kupuliza juu ya sahani.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa mwenye kikohozi kisichopona, pumu inayozidi au macho yanayowasha aulizwe maswali yasiyozoeleka: je, hupata nafuu akisafiri au akishinda shambani? Je, nyumba ni mpya, au imeletwa samani mpya? Je, kuna anayepaka rangi, anayeranda mbao au anayechoma dhahabu nyumbani? Dalili zinazopungua nje ya nyumba na kurudi ndani ya nyumba huelekeza kwenye hewa ya nyumba hiyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayekagua choo na kichanja aongeze jicho moja jikoni: rangi inayobanduka, mbao za kijani, chupa zisizo na lebo.

Mtoto anayeshukiwa kupata risasi apewe rufaa kwa ajili ya kipimo cha damu. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa, na lishe yenye madini ya chuma na kalisi itiliwe mkazo. Dagaa wa Ziwa Victoria, maharage na maziwa, vyakula vinavyopatikana katika wilaya zote mbili, vina madini hayo. Maswali kuhusu kemikali za nyumbani yaweza kupelekwa kwa Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Kwa mwenye nyumba, kazi huanza siku anapokwenda kwa fundi kuagiza. Apatane naye kwa maneno ya wazi, na ikiwezekana kwa maandishi: mbao zisizotiwa dawa, gundi nyeupe, rangi ya maji, ndani pasipakwe kitu, kingo zote zizibwe, na kabati likabidhiwe baada ya harufu kwisha. Kama mke ni mjamzito, kazi yote ikamilike na chumba kipunge hewa wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kujifungua, na dirisha la jiko libaki wazi mchana kutwa hata baada ya hapo.